Pambano la Ray na Ray

Watu wapendao ngumi wana desturi moja ambayo wenzao huiona kuwa upuuzi mtupu: hupenda kuwapiganisha mabingwa ambao hawakupata kuonana ulingoni. Mmoja huenda amekwisha kufa, na mwingine alikuwa hajazaliwa wakati mwenziwe alipokuwa katika nguvu zake, hayo hayawazuii. Huwavisha glavu, huwapima uzito, huwapigia kengele, kisha hubishana mpaka usiku mkubwa juu ya ngumi ambazo hazikutupwa na mtu yeyote. Mimi ni mmoja wa watu hao, wala sioni haya kulisema katika kurasa hizi zilizozoea mambo ya vina na mizani, maana wasomaji wake nao wana michezo yao ya namna hii. Mara ngapi tumesikia wanafunzi wakiulizana Muyaka angalimjibuje mshairi fulani wa siku hizi? Tofauti ni kwamba mshairi aliyekufa hujibiwa. Shairi lake lipo, na aliye hai hulijibu kwa bahari ile ile. Ngumi haijibiwi ila na mtu aliyesimama mbele yake.

Pambano ninalotaka kulizungumza ni la uzito wa welta, ambao mwisho wake ni ratili 147, baina ya Sugar Ray Robinson na Sugar Ray Leonard. Wote wawili walikuwa Wamarekani weusi, na wote walishika ubingwa wa dunia wa uzito huo. Robinson aliutwaa mwezi wa Desemba 1946, akauacha mwaka 1951 alipopanda uzito wa kati. Leonard aliutwaa mwezi wa Novemba 1979. Robinson alizaliwa mwaka 1921, Leonard mwaka 1956. Robinson alipopigana mara ya mwisho, Novemba 1965, akiwa na miaka 44 na akashindwa, mwenziwe alikuwa mtoto wa miaka tisa.

Habari ya majina yao inastahili kusimuliwa. Robinson hakuzaliwa Robinson. Jina alilopewa na wazazi wake ni Walker Smith. Alipokuwa kijana alitaka kupigana na umri wake haukuruhusu, akatumia kadi ya kijana mwingine aliyeitwa Ray Robinson, na tangu siku ile hakulirudisha jina la watu. Sukari aliongezewa na waliomtazama wakasema ustadi wake ni mtamu. Leonard naye aliitwa Ray Charles na wazazi wake kwa kumpenda mwimbaji yule kipofu. Sasa mwimbaji huyo jina lake kamili lilikuwa Ray Charles Robinson, na aliliacha la mwisho ili asichanganywe na bondia. Basi bondia akachukua jina la mtu, mwimbaji akamwachia bondia jina lake, na mtoto aliyepewa jina la mwimbaji akakua akaenda kuichukua sukari ya bondia. Ningalisoma kisa hiki katika hadithi ya kubuni ningalimlaumu mtungaji.

Walakini majina hayapigani. Tuwatazame wenyewe.

Robinson alipoupigania ubingwa na Tommy Bell katika Madison Square Garden, New York, alikuwa amekwisha kupigana mapambano zaidi ya sabini ya malipo, na alikuwa ameshindwa mara moja tu. Aliyemshinda alikuwa Jake LaMotta, mtu wa uzito wa kati, naye Robinson alikwisha kumkabili mara tano kufikia wakati ule, akamshinda nne. Mtu wa namna hii alistahili kupewa nafasi ya ubingwa miaka mingi nyuma, lakini mchezo ulikuwa mikononi mwa watu wasiopenda bondia ajipatanie mwenyewe mambo yake, na Robinson alikuwa akijipatania. Bell alimwangusha katika raundi ya pili. Robinson akainuka, akapigana raundi zote kumi na tano, akapewa ushindi kwa hesabu. Jambo hili la kuanguka nalitia akiba, nitalihitaji mbele.

Hapa pana shida ambayo wapiganishaji wengi hawaitaji. Robinson tunayemwona katika filamu si Robinson wa pambano hili. Picha za mapambano yake ya miaka ya 1940 zilizosalia ni chache mno; zilizo nyingi ni za miaka ya 1950, alipokuwa mzito zaidi na amekwisha kupita kilele chake. Tunamwona akimpiga LaMotta mwaka 1951 mjini Chicago, na tunamwona mwaka 1957 akimwangusha Gene Fullmer kwa mkono wa kushoto huku yeye mwenyewe akirudi nyuma, ngumi ambayo wengi wanaiita safi kuliko zote zilizopata kunaswa katika filamu. Basi twasema: kama huyu ndiye aliyepungua, alikuwaje alipokuwa mzima? Jibu latoka katika maneno ya waliomwona, na karibu wote wamekwisha kufa. Sisi wasomaji wa Kiswahili hatuwezi kulidharau jibu la namna hiyo. Fumo Liyongo hakupigwa picha, na hakuna kati yetu asiyejua kimo chake. Lakini ni lazima tukiri kwamba upande mmoja wa ulingo wetu amesimama mtu aliyeshuhudiwa na macho yetu, na upande wa pili amesimama mtu aliyepokewa kwa masimulizi. Na masimulizi hayapungui kila yanapopita mdomo mmoja kwenda mwingine.

Leonard hana siri. Dunia ilimtazama tangu Montreal mwaka 1976, alipotwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki, michezo ambayo Kenya, Uganda na Tanzania pamoja na nchi nyingine nyingi za Afrika ziliisusia kwa sababu New Zealand ilikwenda kucheza raga Afrika ya Kusini. Tulimwona akimsimamisha Wilfred Benitez zimebaki sekunde sita pambano liishe. Tulimwona Juni 1980 akishindwa na Roberto Duran kwa kukubali vita vya karibu ambavyo Duran ndiye aliyevitaka, na Novemba mwaka ule ule akimchezesha Duran yule yule mpaka akageuka na kukataa kuendelea katika raundi ya nane. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu. Ngumi za kasi wanazo wengi. Mtu awezaye kubadili nia yake yote katika miezi mitano ni nadra.

Na kwa upande wetu huku tuna kipimo chetu. Juni 1981 Leonard alipanda uzito akapigana mjini Houston na Ayub Kalule wa Uganda, bingwa wa dunia wa uzito wa juu kidogo ya welta, mtu wa mkono wa kushoto aliyekuwa hajashindwa katika mapambano 36. Kalule alikuwa amehamia Denmaki, lakini alikuwa wa Kampala, na siku ile Afrika Mashariki nzima ilikuwa ya Kampala. Nilikuwa mwanafunzi wakati huo. Habari zilitufikia kwa redio: Kalule ameangushwa katika raundi ya tisa, mwamuzi amesimamisha. Tulinyamaza bwenini kana kwamba tumefiwa. Nilipopata kulitazama pambano lile miaka mingi baadaye, niliona kwamba Kalule hakuwa mtu wa kuchezewa, alimfuata na kumpiga, na kwamba Leonard alikuwa kama mvuvi anayeulegeza mshipi akijua atauvuta lini. Tangu hapo kila nimpiganishapo Leonard na mtu, namweka kwanza Kalule mbele ya macho yangu, ili nisisahau kwamba wale wanaoitwa walioshindwa walikuwa watu wa namna gani.

Mwalimu wangu katika mambo haya ni mjomba wangu. Yeye alipigana ngumi Tanga katika miaka ya 1960, uzito huu huu wa welta, kwa ujira mdogo na makofi mengi. Siku nilipomletea swali langu nilitazamia ajibu kwa jina moja. Nilisema, “Shikamoo mjomba. Robinson na Leonard, nani?” Akaitikia, akakaa kimya kitambo, maana maneno yake siku hizi hayatoki upesi, kisha akasema, “Watapimwa lini, mwanangu? Asubuhi ya siku ile au jana yake?”

Swali hilo lina elimu ndani yake. Bondia wa leo hupimwa siku moja kabla, naye hujikausha kwa jasho na kiu hata afikie ratili zinazotakiwa, kisha hula na kunywa usiku kucha, akapanda ulingoni akiwa mtu mwingine mzito zaidi. Robinson alipimwa siku ile ile ya pambano, na hata Leonard katika siku zake kubwa za uzito wa welta alipimwa siku ile ile. Ratili 147 za mmoja ni ratili 147 za mwingine. Kadhalika raundi: wote wawili waliupigania ubingwa huu kwa raundi kumi na tano. Zilianza kupunguzwa ziwe kumi na mbili baada ya Duk Koo Kim wa Korea kufa kwa mapigo aliyoyapata Las Vegas, Novemba 1982. Kwa hiyo Robinson na Leonard wanakaribiana katika sheria kuliko Leonard na mabingwa waliomfuata kwa miaka michache tu. Hata maumbo yao yanakaribiana: futi 5 na inchi 11 kwa Robinson, inchi moja pungufu kwa Leonard. Ndiyo sababu pambano lao linafaa kuwazwa, na mengine mengi hayafai.

Kikwazo kikubwa si sheria. Kikwazo ni kwamba Leonard ametoka katika Robinson. Muhammad Ali hakuficha kwamba alijifunza kwa kumtazama Robinson jinsi ya kupiga huku miguu ikicheza. Leonard alikua akimtazama Ali, na aliyekaa katika kona yake alikuwa Angelo Dundee, mtu wa kona ya Ali. Kila Leonard anapotoa ngumi mbili tatu za mfululizo akatoweka, anatumia urithi. Basi tukimsimamisha mbele ya Robinson, tumemsimamisha mtu mbele ya babu yake akiwa na silaha za babu, naye babu hajapata kumwona mjukuu. Je, hiyo ni haki? Wengine husema Leonard amezidiwa kwa kuwa ni nakala. Mimi naona kinyume: mwanafunzi anaijua hati ya mwalimu, na mwalimu haijui ya mwanafunzi.

Na tusidhani kwamba kukutana kweli kungaliyamaliza maswali haya. Agosti 1943 Robinson alipigana na Henry Armstrong, aliyekuwa bingwa wa welta kuanzia 1938 hata 1940 na aliyekuwa shujaa wa Robinson tangu utotoni. Hao walionana mwili kwa mwili, raundi kumi, mbele ya umati. Robinson alishinda kwa urahisi, na waliokuwapo waliona wazi kwamba alikuwa akijizuia asimwumize mtu mzima aliyempenda. Lipo katika vitabu, lina tarehe na hesabu, na halituambii chochote juu ya nani alikuwa bora. Armstrong wa 1938 na Robinson wa 1946 hawakupigana, kama vile Robinson na Leonard hawakupigana. Miili ilikutana, mabingwa wakapishana.

Kwa hiyo mpiganishaji huanza kwa kuchagua usiku. Na hapa ndipo mchezo wetu unaponitia wasiwasi. Robinson gani? Kila mtu, akiulizwa, huchagua kipindi kile cha miezi sita baina ya Desemba 1946 alipotwaa ubingwa na Juni 1947. Leonard gani? Kila mtu huchagua kipindi baada ya Septemba 1981, usiku aliomsimamisha Thomas Hearns katika raundi ya kumi na nne, Las Vegas, akiwa nyuma kwa hesabu za waamuzi wote watatu na jicho la kushoto limevimba. Mwisho wa kipindi hicho ni Mei 1982. Nilichagua hivyo miaka mingi bila kujiuliza miezi hiyo imewekewa mipaka na nini.

Mwezi wa Juni 1947, mjini Cleveland, Robinson alimwangusha Jimmy Doyle katika raundi ya nane. Doyle hakuamka, alikufa siku iliyofuata. Robinson alikuwa ameota ndoto ya kifo hicho kabla ya pambano, akataka lisifanyike, akatulizwa moyo na mtu wa dini, akapanda ulingoni. Katika uchunguzi aliulizwa kama alikusudia kumtia Doyle mashakani, akajibu kwamba kumtia mtu mashakani ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Jibu hilo limelaumiwa kwa ukali. Mimi naliona kuwa ni neno la kweli kuliko yote yaliyosemwa siku ile. Baadaye alitenga fedha za mapambano yake kwa ajili ya mama yake Doyle. Na mwezi wa Mei 1982 madaktari waligundua kwamba utando wa nyuma ya jicho la kushoto la Leonard umebanduka. Akapasuliwa, na Novemba akatangaza kuacha. Alirudi baadaye zaidi ya mara moja, akamshinda Marvin Hagler mwaka 1987, jambo ambalo sikulitazamia. Lakini hakurudi tena kuutetea ubingwa wa welta.

Basi kile tukiitacho kilele cha bondia ni usiku ule kabla deni halijaja kudaiwa. Tunamtaka Robinson ambaye hajaua, na Leonard ambaye jicho lake halijabanduka. Tunachukua ngumi, tunaacha yaliyofuata. Ukiniambia kwamba katika pambano letu hakuna anayeumia, nitakubali, na kwa sababu hiyo nalipenda; lakini sijui kama kupenda huko ni kwa huruma au ni kwa uoga. Sisi wa huku tunaye Robert Wangila wa Kenya, aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1988 kule Seoul, katika uzito huu huu wa welta. Alikwenda kupigana kwa malipo Marekani. Julai 1994 pambano lake Las Vegas lilisimamishwa, naye akadai kwamba angaliweza kuendelea. Muda si mrefu akapoteza fahamu, akafa akiwa na miaka 26. Nimepata kuwasikia watu wakimpiganisha Wangila na mabingwa wa zama zake, angalikuwaje lau angaliishi. Huyo siwezi kumpiganisha. Kila nijaribupo, kengele hailii.

Mjomba nilimwuliza siku moja kama anajuta. Alinitazama kwa mshangao, akataka kujua nani anayejuta kwa kuwa alikuwa hodari. Kisha akaanza kusema jambo jingine, neno likamkwama, akalikamilisha kwa mkono: ngumi ya kushoto, fupi, ikipinda kutoka nyonga. Mkono ule hautetemeki unapofanya hivyo. Wakati mwingine wote unatetemeka.

Nimekwisha sema shaka yangu, na haikunizuia kulitazama pambano. Nitalieleza kama nilionavyo. Ni New York, raundi kumi na tano, na waamuzi wanahesabu raundi, kama ilivyokuwa desturi ya huko siku za Robinson. Raundi nne za kwanza ni za Leonard. Ana haraka kuliko mtu yeyote aliyepata kusimama mbele ya Robinson, na Robinson huchukua muda kumsoma mtu. Katika ya pili anaanguka, kama alivyoangushwa na Bell, akainuka bila wahaka. Tangu ya tano ngumi ya mbele ya mkono wa kushoto inaanza kufika. Hiyo ndiyo iliyomsumbua Leonard kwa Hearns, na Robinson anaitupa akiwa na miguu ambayo Hearns hakuwa nayo. Leonard akimfuata anapigwa na mtu anayerudi nyuma. Akirudi yeye, anafuatwa na mtu aliyewahi kufuatwa na LaMotta na anajua jinsi ya kumbana mwenzake kwenye kamba. Tano, sita, saba, nane na tisa ni za Robinson. Leonard anabadilisha mpango katika ya kumi, maana huyu ni mtu wa kubadilisha, naye anaichukua hiyo na ya kumi na mbili kwa kupiga na kuondoka. Ya kumi na tatu na ya kumi na nne ni za Robinson, ambaye kabla ya usiku huu amekwisha kupigana mara nyingi kuliko Leonard katika maisha yake yote, na mwili wake unajua mapumziko yako wapi ndani ya kazi. Ya mwisho ni ya Leonard, aliyezoea kuvuna mwishoni. Ile ya kumi na moja, yenye kushindaniwa mno, nampa Robinson kwa ngumi mbili za tumbo alizozipiga karibu na kengele. Kwa hesabu hiyo Robinson ameshinda raundi nane kwa saba.

Mjomba hakubali. Asema ngumi zile za tumbo ziliangukia viwiko, na kwamba mimi nilikuwa nikiwatazama usoni badala ya kutazama miguu. Kwake raundi ya kumi na moja ni ya Leonard, na ubingwa ni wake. Nimemwomba anionyeshe, akasimama katikati ya chumba, mguu wa kushoto mbele, akaanza kunionyesha Leonard alikuwa amesimama wapi.